Watu Wanaofuata Mwavuli

Kwa Gustave, mutoto wa mama yangu, Mweso

Ndugu yangu mudogo,

Nakusalimia sana, wewe na Mama Béata bibi yako, na watoto, na ile mbuzi yako yenye kukula nguo za majirani. Mugongo wako iko namna gani? Na lile jino ulikataa kung'oa sababu uliogopa infirmière wa hospitali, lingali mu kinywa? Mimi niko muzima. Miguu inaniuma, lakini ni maumivu niliyoyatafuta mwenyewe, simulaumu mutu. Tarehe sikuandika, na pahali vilevile sikuandika. Usikasirike. Soma pole pole mupaka chini, na usianze na chini kama unavyofanyaka na barua za watu.

Barua yako ilinifikia kule Bulaya, Ostende, mu telefone ya mutoto wangu Solange. Alinisomea kwa sauti ya mwalimu anayesoma majina ya wenye kushindwa. Ulisema familia ilikaa, mukakunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, mukakubaliana wote kwamba mimi nibakie ku bahari kwa mutoto wangu mupaka siku ya kufa, sababu kule kuna mukate na dawa na hakuna masasi ya bunduki, na kilima chetu cha Karuba hakina tena kazi na muzee wa miaka sabini na tatu. Mulipanga vizuri. Mulisahau tu kuniuliza. Basi jibu langu njo hili: nakataa. Nilikataa nikiwa nimekaa, nikakataa nikiwa nimesimama, na kama mutaita mukutano wa pili, muniwekee kiti karibu na mulango nikatae tena vizuri.

Lakini usiseme nakataa bila kuona. Nimeuona muji ule kwa miguu yangu, zaidi kuliko Solange anayekaa pale miaka kumi na mbili.

Unajua aliniita kwa visa ya miezi mitatu. Mutoto mwenyewe anatoka asubuhi kuosha wazee wa wazungu mu nyumba yao ya uzee, anarudi amechoka. Akanikatalia kutoka peke yangu. Akaniweka mbele ya dirisha, ghorofa ya sita, akasema niangalie bahari. Gustave, bahari ni kitu kikubwa kisicho na kazi. Inakuja, inarudi, inakuja tena, sawa mukubwa wa biro anayekuambia urudi kesho. Chini yake watu wanalala ku muchanga nusu uchi, wazee wa umri wangu wenye matumbo, wanajigeuza upande huu na huu kama muhindi wa kuchoma juu ya makala. Walitoka kwao mbali kuja kufanya ile. Wanaita kupumuzika.

Siku ya kenda nilitoroka, nikatafute tumbaku. Nyuma ya kanisa moja nikaona kundi la watu, ishirini hivi, wamevaa makoti meusi, wanatembea pole pole bila kelele. Kulikuwa wamama wazee wenye fimbo. Mbele yao mwanamuke mumoja ameinua mwavuli juu, umefungwa, na mvua hakuna. Wewe unajua tulivyofundishwa. Ukikutana na kipoyi, machela ya kubebwa ku mabega, mu njia, ya mugonjwa ao ya marehemu, unaweka jembe chini, unafuata njia yao hata hatua kumi, hata kama haujui mutu ni wa nani. Kipoyi sikuiona, nikafikiri kwa wazungu labda inatangulia mu gari. Nikatoa kofia, nikajiweka nyuma.

Tukasimama mbele ya nyumba moja ya zamani. Yule wa mwavuli akasema maneno kwa sauti ya chini, wote wakainua macho ku dirisha za juu. Nikajua njo pale marehemu alikuwa anakaa. Tukaenda tukasimama mbele ya nyumba ingine, nikaona kumbe alikuwa na wanawake wawili. Tukapita ku kanisa, sawa. Kisha tukapita ku kazino, na pale nikaanza kumuelewa marehemu. Karibu na maji kulikuwa mama mumoja macho mekundu, machozi yanamutiririka. Nikamushika mukono kwa mikono yangu miwili, nikamuambia kwa Kifaransa changu cha mwaka wa tano: pole sana Mama, Mungu amupokee, hata kama alikuwa mutu wa kazino.

Mama akaniangalia, akaita yule wa mwavuli. Jina lake Madame Hélène. Akanieleza kwa upole kwamba macho ya mama ni ya upepo, na kwamba wale ni watalii, wanatembezwa ili waonyeshwe muji, kisha wanarudi ku hoteli kukula. Nikauliza, basi hakuna mutu amekufa?

"Leo hapana, Papa," akasema.

Wakacheka mupaka mama wa machozi akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Na mimi nikacheka, ingawa moyoni kitu kilinishika. Nitakuambia.

Tangu siku ile nilikuwa namufuata kila mara Solange akienda kazi. Madame Hélène alinizoea, akaniacha nifuate bure, akasema nachangamusha watu. Nikajua bandari na soko la samaki, na vile vijumba vya mbao ku muchanga ambavyo wazungu wanabadilishia nguo, kila kimoja na kufuli, ingawa ndani hamuna hata kuku. Nikajua njia ya gari la moshi na pahali tramu inasimama. Wale watu walikuwa wanaangalia nyumba ya mutu, wanapiga picha, wanaondoka bila kubisha hodi. Mimi nilikuwa nabisha. Mara mbili wenyewe wakafungua, tukasalimiana, mumoja akanipa kahawa na kundi lote likaningojea ku baraza.

Siku moja tukafika ku sanamu ya yule mufalme wao wa zamani, amekaa juu ya farasi, anaangalia bahari. Chini yake upande mumoja kuna wavuvi, upande mwingine kuna watu weusi wameinua uso na mikono. Madame Hélène akasema waliotengeneza walitaka kuonyesha Wakongomani wanamushukuru. Akasema pole pole, macho yake kwangu, nikaona ana haya. Nikajikaza. Nikasema babu ya mama yetu alikuwa mutu wa Walikale, alitumwa kuchuma mpira mu pori, na mukono wake mumoja ulibakia kule kule. Nikawaambia wale wa chini hawashukuru hata kidogo, wanamuambia ashuke ku farasi ya watu. Hakuna aliyecheka. Muzee mumoja wa kundi alitoa kofia. Sijui kama ni ya mufalme ao ya babu, lakini nilichagua ni ya babu.

Sasa tufike ku mambo ya Solange. Alikuwa ametafuta avoka, mutu wa sheria, ametengeneza dosiye ya makaratasi. Siku ya ine ya juma, saa tatu, tulipaswa kwenda ku biro, mimi nitie sahihi kwamba naomba kubakia na sitarudi tena. Maana njo hivi ilivyoandikwa, nilisoma mwenyewe: naogopa kurudi kwetu. Nikamuambia mutoto, mimi siogopi. Tukagombana siku mbili. Akaniita kichwa cha punda, nami nikamukumbusha punda alimuzaa. Mwisho akakaa chini mu jikoni, amevaa bado nguo ya kazi, akaniuliza:

"Papa, Mama alikufia mu kambi, hata sikumuona. Na wewe nikuzikie wapi?"

Nikachukua ufagio, nikafagia jikoni iliyokuwa safi. Mimi mwenye jibu kwa kila mutu, hata kwa ma-Père wa misioni walionifukuza mu masomo.

Siku ya ine Solange alitangulia ku kazi, tukutane ku biro. Nikavaa koti, passiporo mu mufuko wa ndani, na billet ya ndege ya kurudi ambayo ilikuwa bado na nguvu. Sikuenda ku biro. Nilimufuata Madame Hélène. Yeye kila mara anamalizia matembezi ku gare. Pale akashusha mwavuli, akasema safari yetu imekwisha, kila mutu aende kwake. Wengine wakaenda ku hoteli. Mimi nilimushukuru, nikaingia mu gari la moshi.

Sikumuficha Solange, usinifikirie vibaya. Nilimupigia kutoka ku uwanja wa ndege. Akalia sana, akanitukana kidogo, kisha akauliza kama nimebeba dawa za tension ya damu. Nilikuwa nimezibeba.

Sasa geuza enveloppe, Gustave. Timbre ya posta hakuna. Aliyekuletea ni Vestine wa jirani, anayekuja Mweso kuona dada yake ku hospitali. Niko Karuba. Leo ni siku ya tano. Nyumba imeanguka upande wa jikoni, nimelala upande mwingine. Nimekwisha kupanda muharagi. Kwa hiyo mukutano wenu umekufa, munisamehe.

Lakini sikurudi kwa muharagi. Sasa soma pole pole.

Siku ile Pétronille, mama ya Solange, alikufa mu kambi ya wakimbizi kule Mweso, ulinituma nitafute mbao za sanduku. Nilipata mbili. Wakati narudi, masasi yakaanza ku kilima, na ninyi hamukuweza kuningojea. Nilikuwa mu njia ya juu, mu migomba, mbao ku kichwa. Nikawaona munapita chini. Watu wane tu na kipoyi. Wewe mbele, bega la kushoto, Akilimali wa hema ya jirani nyuma yako. Nilitambua juu ya kipoyi kitenge cha Pétronille, kile cha kijani. Kutoka kwangu mupaka kwenu hatua kumi, Gustave, hata kumi haikufika. Niliogopa. Nikaweka mbao chini polepole musisikie, nikawaacha mupite, nikakimbia siku tatu mupaka Buleusa.

Malaria niliyowaambia ilinizuia kurudi haikunishika Buleusa. Hiyo niliitunga mu njia, na wewe ukaiamini miaka kumi na moja. Kila ukikunywa ulikuwa unasema mbele ya watu kwamba kaka yako hakuwa na bahati ya kumuzika bibi yake, na mimi nainamisha kichwa, na wanaongezea kikombe changu kwa huruma. Nilikunywa kasiksi nyingi juu ya ule uongo. Kisha nikaenda mupaka Bulaya, nikatoa kofia kufuata mazishi ya mutu asiyekufa, na ya Pétronille niliyaacha yapite. Njo hii ilinishika siku ile wazungu wakicheka. Njo hii sikuweza kumujibia Solange, lakini nimemuandikia yeye pia, barua yake imetangulia yako.

Siku ya posho, ya sita ya juma, nitafika Mweso, kwa miguu pale hakuna pikipiki. Kama unataka kunipiga, una haki, lakini ningoje kwanza tumalize. Sitaki misa kubwa wala wimbo. Nataka tutoke pale hema yetu ilisimama, tubebe kipoyi tupu mupaka ku kaburi, wewe mbele kama siku ile, Akilimali nyuma yako kama angali na mabega, na mimi mwisho, pahali pa bwana wa marehemu. Ukikataa kuja nitatafuta wengine. Wakikataa wote nitaiburuta mwenyewe, na watu wa Mweso waseme muzee amerudi na wazimu wa bahari. Sitageuka tena ku njia ya juu.

Musalimie Mama Béata, umuambie aniwekee chakula ao fimbo, vyovyote atakavyoona. Wasalimie watoto wote mumoja mumoja, na jirani wanaoniulizaka.

Watu watatukuta mu njia na majembe yao. Wataweka chini, watatufuata, unawajua. Wakiuliza tunamuzika nani, wewe nyamaza. Niache nijibu mimi.

Kaka yako mukubwa,
Zéphyrin Ndayambaje