Kwaresima ya Stoo ya Unga

Jumapili, 2 Februari

Kanisa limeanza. Watu saba, mimi wa nane. Tuko kwenye stoo ya mwenye mashine ya kusaga, nyuma ya magunia. Nilifagia mara tatu na bado unga unashuka kutoka darini. Wote tulitoka na makalio meupe. Nimekataza kupanguzana mlangoni — si heshima.

Tumesali Sala ya Asubuhi nzima, bila kuruka mstari. Maungamo, zaburi, masomo mawili, Kanuni ya Imani. Hakuna aliyeanguka wala kupiga mayowe. Ila ng'ambo ya barabara Kipaza aliwasha spika zake saa tatu kamili. (Kipaza ni mchungaji wa kule. Jina nimempa mimi, limemkaa.) Na anayempigia ngoma ni nani? Mume wangu! Miaka thelathini na sita ya ndoa, kila Jumapili tunaachana kwenye lami kama watu waliogombana.

Haidhuru. Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Mimi nimeongoza wodi miaka mingi, hadi leo wananiita Sista, na dawa ya saa mbili ilikuwa saa mbili. Watu saba watanishinda?

Ijumaa, 7 Februari

Barua ya Padri wa mjini imefika! Fupi. Ana makanisa kumi na manne, simlaumu. Atakuja Jumapili ya Matawi. Akikuta waumini watu wazima kumi na wawili, walioshika Kwaresima kwa utaratibu tangu majivu, na rejista ya ibada iliyojazwa, atatuandikia kwa Askofu. Tutatambuliwa, na kila mwezi tutaletewa Meza ya Bwana. Asipokuta, basi, tutawanyike.

Sijapokea Meza ya Bwana tangu nilipostaafu na kurudi huku. Miaka minne.

Hakuandika tarehe. Nimempenda kwa hilo. Nani anamwandikia mtu wa kanisa tarehe ya Matawi? Ni kama kumfundisha nesi kushika kipimajoto.

Tarehe ninazo. Marehemu baba alikuwa katekista, mtu wa saa. Kitabu chake cha sala kina kalenda ya kanisa iliyobandikwa nyuma ya jalada. Mchwa wamekula juu kidogo, pale penye mwaka. Lakini sikukubali hivihivi, nimekagua: Januari mosi Jumatano, Februari mosi Jumamosi. Sawasawa na mwaka huu. Majivu ni tarehe 12. Wiki ijayo!

Jumatano, 12 Februari

Majivu ya jikoni kwangu, nimeyachekecha mara mbili. Watu kumi. Mwenye mashine ameacha bia mbele ya wote, siku zote arobaini. Mkewe alimwomba arudie, alidhani amesikia vibaya. Wifi yangu naye amejiunga. Huyo haji mahali ila kuona nani atateleza. Nimempaka majivu ya kutosha.

Jioni mume wangu alinitazama kipaji cha uso, kisha akatazama kalenda ya duka la mabati iliyoko jikoni. Akasema mbona hapa Pasaka ni Aprili 20. Nikamwambia kanisa haliongozwi na wauza misumari. Akasema haya, mama. Akaenda zake kufanyia mazoezi ngoma yake kwenye ndoo.

Jumapili, 9 Machi

Kumi na mmoja, nami nikiwemo. Nimewafungulia chati, kama wodini: nani, ameacha nini, hali yake. Mwenye mashine amepungua tumbo. Wifi anasema ameacha umbeya. Nimeandika "inachunguzwa".

Bado mmoja. Nyumbani mume wangu anatafuna mbavu mbele yangu, mchana kweupe, katikati ya Kwaresima. Watu wa Kipaza hata hawajui tuko msimu gani. Wanaishi tu! Nimemwomba aje siku ya Matawi, siku moja, ili tutimie. Akasema wakikosa ngoma kule wataimba nini. Jibu ninalo.

Jumapili, 23 Machi

Matawi. Tumeandamana kutoka kituo cha mafuta hadi stoo, matawi juu, tukiimba. Watu walitoka madukani kututazama. Nilijisikia vizuri kupita kiasi, nakiri.

Padri hakuja.

Tulimngoja hadi saa saba. Simu yake haipatikani. Wifi akauliza kwa sauti ya pole kama labda Padri hatutaki. Nikawaambia Padri ana makanisa kumi na manne, sisi tunaendelea. Nimemwandikia barua ya heshima, nikaichana. Nimeandika ya pili, isiyo na heshima sana. Nayo nimeichana.

Ijumaa, 28 Machi

Ijumaa Kuu, na maduka yote wazi! Shule wazi. Posta wazi! Nilimuuliza karani wa posta kama haoni aibu. Akaniuliza aibu ya nini. Nchi imepotea.

Jumapili, 30 Machi

Amefufuka kweli kweli! Watu kumi na wanne, ingawa watatu walifuata harufu ya chakula. Nimeandika PASAKA kwenye rejista kwa wino mwekundu. Mwenye mashine amefungua bia yake ya kwanza saa sita, na kufikia saa nane alikuwa mlangoni kwa Kipaza, anawafundisha kuimba zaburi.

Jumanne, 8 Aprili

Meseji ya Padri: Samahani kwa ukimya, nakuja Jumapili hii ya Matawi kama nilivyoahidi, tayarisheni rejista.

Nimeisoma na miwani. Nimeisoma bila miwani. Matawi gani?

Mume wangu aliitungua kalenda ya misumari ukutani, akaiweka mezani. Aprili 13, Matawi. Aprili 18, Ijumaa Kuu, sikukuu ya serikali. Aprili 20. Hata Kipaza wiki nzima yuko kwenye mazoezi ya Pasaka. Kalenda ya baba ni ya mwaka mwingine kabisa, mwaka wa ujana wangu, ambao siku zake ziliangukia tarehe hizihizi. Pasaka, inayofuata mwezi mpevu, ndiyo haikuangukia hapo. Mimi, niliyewafukuza manesi kazini kwa kusoma chati ya kitanda cha jirani!

Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akasema, "Nilikuambia mama. Ukaniletea habari za misumari."

Na sasa kundi langu lote linakula nyama na kunywa bia katikati ya Kwaresima, kwa amri yangu, kwa utaratibu.

Alhamisi, 10 Aprili

Niliwaita ili niwaambie. Naapa nilikusudia. Nikafungua mdomo, na wifi amekaa mstari wa mbele, mikono mapajani, anangoja. Kikatoka kingine. Nimesema Padri ameagiza turudie Matawi na Wiki Kuu yote, mbele ya macho yake, ili atupime.

Mwenye mashine akauliza hata bia? Hata bia. Akasema huyu Padri ni mkali, lakini sawa. Wakaitikia wote. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali! Ningefurahi wangeuliza. Nimewafunza utii, wamefunzika, na nimeutumia kuwadanganya. Wagonjwa nilikuwa nawaambia kila siku: mficha maradhi, kifo humuumbua. Najionea haya.

Nimemweleza mume wangu nilichofanya. Hakunisema. Ameuliza tu ibada inaanza saa ngapi.

Jumapili, 13 Aprili

Naandika nikiwa chumba cha mashine. Daftari hili lilikuwa mkobani.

Tumeandamana tena, njia ileile. Muuza duka akauliza kama safari ya kwanza tulipotea. Padri amefika, mpole, jasho tele, kanzu tayari ina unga. Tumeanza. Ng'ambo kimya. Nikashangaa, spika zimeungua? Nikageuka. Mume wangu yuko mstari wa nyuma, tawi mkononi, shati la arusi ya binti yetu. Wa kumi na mbili. Kwaresima yake imejaa mbavu, lakini ni mtu mzima na amehesabika.

Mkate na divai viko kwenye meza ya kupimia nafaka, nimeitandika shuka jeupe. Padri akasema kabla ya kuendelea aione rejista. Kidole chake kikashuka, kikashuka, kikasimama kwenye wino mwekundu. Akauliza hii Pasaka ya Machi ni ipi. Nikasema ngoja nilete kitabu cha baba. Kitabu kilikuwa kwenye mkoba, na mkoba uko huku. Nimekipata zamani. Bado niko huku.

Ukuta ni mbao tu, nasikia yote. Mwenye mashine amemshukuru Padri kwa kuagiza turudie, imemsaidia sana na bia. Padri akauliza, "Agizo langu lipi?"

Wifi akakohoa. Nakijua kikohozi kile.

Kisha mume wangu. "Padri, usimlaumu mama. Kalenda nilimpa mimi, ya mwaka mwingine. Na meseji yako niliipokea mimi, nikamsomea vibaya. Yeye amefuata tu."

Miaka thelathini na sita, sijawahi kumsikia akisema uongo, hata wa kujiokoa. Leo amesema uongo mara mbili kwa pumzi moja, kanisani kwangu, mbele ya Meza ya Bwana. Na wa kwanza kudanganya humu nilikuwa mimi, na nilipiga ishara ya msalaba kwanza.

Padri amesema kama ni hivyo hakuna neno, watu wamefunga kwa moyo, ataandika kwa Askofu. Ila anataka Sista mwenyewe aje athibitishe, kisha atubariki, tupokee.

Nikisema ndiyo, napokea leo hii. Mkate uko hatua kumi kutoka hapa. Na mume wangu anabaki mkosaji mbele ya kanisa zima, na wifi atamsimulia mpaka kaburini. Nikisema hapana, sijui kama watu kumi watabaki kwenye mabenchi yale.

Wananiita. Sasa ni sauti ya mume wangu, ya chini, karibu kabisa na mbao: "Mama, njoo. Sema ndiyo tu, basi."

Nimeitika kuwa nakuja; ile ndiyo sijaisema. Miguu bado haijasogea.