Nani Atapandisha Maji Kule Juu?

Kaka yangu Bahati, mutoto wa kwanza wa Mama,

Muchezo wetu unarudi! Ningekuwa na namba yako ningekupigia na kupiga makelele mpaka unite za simu ziishe. Lakini ile namba yako ya Walikale haiiti tena, na yetu ilipotea pamoja na simu siku tulikimbia Bihambwe. Kwa hiyo nakuandikia hapa, kwa simu ya Baba Mudogo, mu kundi la wapenzi wa muchezo, mbele ya watu wote. Wenye kutaka kucheka, wacheke.

Unaukumbuka, si ndiyo? Ule wa kujenga kijiji. Unapewa watu kidogo, pori, muto na mulima, unawalimisha, unawajengea nyumba, wanazaa. Tuliucheza kwa Baba Mudogo Safari, mu kibanda chake cha kuchaji simu pale Bihambwe, kwa ile kompyuta yake ya kuwekea watu miziki mu simu. Jua likiwaka, tunacheza. Wingu likipita juu ya ile plake ya jua inayotuletea umeme, Baba Mudogo anapaza sauti: "Zimeni! Simu za watu kwanza!" Tunatoka inje, tunakaa chini, tunaombea lile wingu lipite. Mama akiwa shambani anaombea mvua ya maharagwe, watoto wake wawili wanaombea jua. Sijui Mungu alikuwa anasikiliza nani.

Na wewe, kaka, kichwa ngumu! Wenzetu wote walijenga mu bonde, karibu na muto, kama muchezo unavyofundisha. Wewe, juu. Juu kabisa ya mulima. Kijiji chako kilikuwa kizuri, kinaonekana toka mbali, na kila kiangazi watu wako walikufa kiu, maana mu ule muchezo hakukuwa muntu wa kubeba maji kupanda nayo.

"Kaka, shusha nyumba," nakuambia.

"Muntu wa mulima analala mu bonde? Tangu lini?"

Kijiji kinakufa, Baba Mudogo anacheka mpaka anashika ukuta, wewe unaanza tena. Juu.

Halafu ile habari ya vita. Mwanzoni muchezo unakuuliza kama unataka maadui. Vijana wa Bihambwe wote waliweka maadui wengi, wewe unawaondoa wote. Walikucheka sana: "Muchezo bila vita njo muchezo gani?" Ukawajibu bila hata kugeuza kichwa, "Vita iko inje, ya bure. Huku ndani mimi nalima." Walirudia simu zao, maana kila mumoja wao alijua alikimbia mara ngapi.

Mimi nilikuwa na ulizo langu moja tu. Ni mimi nilikuwa nateka maji ya kweli, ya nyumbani, na toka chemchemi mpaka kwetu ni kupanda tu, kamba ya bidon ya maji inakukata paji la uso. Basi kila ulipoweka nyumba ya kwanza kule juu, niliuliza, "Na maji, nani atapandisha?" Nawe ulijibu palepale: "Mimi." Na kusema kweli hukusema kwa mudomo mutupu. Kwenye kona ya mwisho, pale chini ya muti wa avoka, nilikukuta mara nyingi umesimama. Unanitua bidon, unaiweka begani, unapanda mbele yangu. Wenzako wanapiga miluzi, mwanaume anabeba maji! Hukuwajali.

Halafu ukapanda gari la mizigo na magunia ya maharagwe, uende kuyauza Walikale, urudi na mafuta ya mawese. "Nitafika mbele ya mavuno," ulimuambia Mama. Nyuma yako barabara ikafungwa. Masasi ya bunduki yakatufikia na sisi, tukashuka na Mama na Baba Mudogo mpaka hapa Shasha, kando ya ziwa. Mavuno yalipita, na mengine tena. Kila dereva anayetoka upande wa Walikale tunamuuliza. Mumoja alituambia watu wa pale ulilala waliingia wote mu pori. Mwingine alirudi mu gari, akafunga mulango.

Mwezi huu Baba Mudogo alimuambia Mama, "Mama Bahati, tukae matanga. Tumulilie mutoto, tupumzike." Usimukasirikie. Aliyasema machozi yanamutoka, yeye aliyekucheka kuliko watu wote. Mama alikubali kwa sababu ya kuchoka. Siku iliwekwa, ni Jumamosi hii. Nguo nyeusi ilifuliwa, ikaanikwa pale uani.

Sasa sikia. Juzi wenye kutengeneza muchezo walionyesha video ya kwanza ya ule mupya. Ee, kaka, ungeona hili kundi! Mumoja analia eti rangi zimekuwa kama za bonbon za watoto. Mwingine anaapa wameharibu utoto wake, na kwa picha yake naona hana hata ndevu. Kuna mwenye kuuliza punda wa zamani alienda wapi. Mumoja wa Goma anasema kompyuta yake itatoa moshi siku ya kwanza. Wengi wamekasirikia kitu kimoja: mu muchezo mupya kuna kamuntu kadogo kanateka maji kwa chemchemi na kupanda nayo mpaka kijijini, polepole. "Kanachelewesha," wanasema, "wakaondoe." Mimi, hasira ilinipanda, nikaandika, "Beba wewe bidon, tuone mbio zako." Nilicheka peke yangu. Tangu Bihambwe sikuwa nimecheka vile.

Njo nikaona, chini kabisa ya video, muntu asiye na picha wala jina ameandika kwa Kifaransa. Anauliza: safari hii muntu anaweza kujenga juu kabisa ya mulima? Na anaweza kucheza bila maadui? Watu wamemucheka sana. "Nani anajenga kule juu? Kajifunze kwanza." Mimi nilirudia kusoma mara tatu.

Nilikimbia kwa Mama. Alikuwa anachambua maharagwe mu lungo. Nikamusomea kwa Swahili. Hakuniuliza muchezo ni nini wala video ni nini.

"Anauliza fasi ya kujenga nyumba?"

"Ndiyo, Mama."

"Juu ya mulima?"

"Juu kabisa."

Alitoa kijiwe kimoja mu maharagwe, akakitupa. Halafu akasema, "Enda uanue ile nguo. Muntu mwenye kuuliza fasi ya kujenga nyumba hajakufa."

Baba Mudogo alijaribu. "Mama Bahati, dunia ni kubwa. Wenye kujenga juu ni wengi."

"Munionyeshe mumoja," Mama akajibu.

Lakini wazee wa jamaa nao wako na haki yao, wanasema marehemu asinyimwe kilio. Wamemupa Mama mpaka Jumamosi asubuhi. Pasipokuwa na neno, mikeka inatandikwa. Na mimi naogopa, kaka. Muchana namuunga Mama mukono, lakini ndani yangu najiuliza: kama yule si wewe, nitamuangaliaje Mama usoni?

Hapa Shasha maji iko mulangoni. Unainamisha bidon, imejaa, unarudi, hakuna kupanda. Ningefurahi, si ndiyo? Lakini kila nikiibeba natafuta ile kona, na kona haipo. Nimekukumbuka mpaka inauma.

Chini ya lile ulizo lako, kama ni lako, nimeandika langu: "Na maji, nani atapandisha?" Watu wamejibu wengi. Mumoja anasema pompi ya kusukuma maji. Mwingine anasema punda akirudi. Mwingine anasema shusha nyumba, mambo yaishe. Wote wamekosa. Mama amekaa hapa pembeni yangu, na kila simu ikilia ananiuliza, "Amesema?" Namuambia, bado.

Jibu, kaka. Ni neno moja tu, na ulilisema kila siku.

Mimi, dada yako mudogo, nimesimama chini ya kilima na bidon yangu