Doa la Kitumbua Ukurasa wa Tisa

Shangazi,

Nimekikalia kiti chako, kile ulichokuwa hutaki mtu akikalie, na nimekikalia makusudi. Nina hasira na wewe. Nilidhani zitaisha baada ya arobaini, lakini arobaini imepita, watu wamekula pilau wakaenda zao, na mimi bado nina maneno. Dua nakusomea kila Alhamisi. Leo niruhusu nilalamike.

Kwanza habari za duka. Duka lipo. Daftari zinatoka shule zikifungua, na vijitabu vyako vinakwenda taratibu. Bado navishona kwa uzi wa nyavu kama ulivyonifundisha, maana pini za stepla zikifika delta zinaota kutu kwa chumvi, na karatasi zinatawanyika. Vidole vyangu vimeota sugu palepale vyako vilipoota.

Sasa sikiliza. Kile kijitabu cha mashamba ya bondeni, ulichokiandika kwa kutembea mipaka na wazee shamba kwa shamba, kimeibwa. Kuna jamaa yupo Bungu, ana mashine ya fotokopi. Amekitoa kopi chote, amekibana pini, amekivika jalada la rangi lenye picha ya mpunga. Jina lako ameliondoa, ameweka lake. Kinauzwa barabarani pamoja na korosho na mayai ya kuchemsha.

Nilipokiona nilicheka kwa uchungu, nikakumbuka wale watu wako wa London. Kile kitabu chakavu cha Kiingereza ulichokiokota Dar, maktaba walipokuwa wanatupa vitabu vibovu, ulikisoma miaka na miaka na kamusi pembeni. Tukishona ulikuwa unanisimulia wauza vitabu wa Uingereza wa karne ya kumi na nane: vijitabu vyao vilishonwa uzi tu, havina jalada, na kimoja kikianza kuuzika, mwenzake wa mtaa wa pili keshakichapa upya kwa karatasi mbovu na jina la uongo. Ulicheka ukasema, "Hao ndio ndugu zetu wa kazi, Somoe." Sikujua ndugu wenyewe wako karibu hivi.

Wizi ningeuvumilia. Lakini kule kijijini Mkongo, kwa shoga yako Bi Pili, mambo yameharibika. Athumani, anayelima jirani naye, amekwenda baraza la kijiji na kijitabu cha Bungu mkononi. Kimeandikwa kwamba shamba la Bi Pili linaishia mkuyuni. Wewe na mimi tunajua linaishia mbele zaidi, kijitoni. Na kile kipande cha katikati, pale maji ya mto yanapokaa siku nyingi, ndicho kinachomlisha yeye na wajukuu zake. Huko juu kwingine ni mchanga mtupu.

Nikaenda na nakala yetu. Nilikwenda kifua mbele, Shangazi, nimevaa ile kanga uliyoniachia. Nikawafungulia ukurasa wa tisa. Neno "mkuyuni" limekatwa, na juu yake, kwa kalamu ya bluu na mwandiko wako, "kijitoni". Wazee wakaipokezana. Mwenyekiti akavua miwani, akaniuliza taratibu nani ameandika hapa, na lini. Nikasema ni marehemu. Athumani akasema kwa adabu zote kwamba yeye na marehemu hawana neno, ila kalamu ya bluu hata walio hai wanayo. Watu wakaguna. Kijitabu cha mwizi kilikuwa safi, cha mwenyewe ndicho kilichoonekana kimechezewa. Bi Pili alinitazama mpaka nikakaa chini. Shauri limesogezwa hadi Jumamosi.

Hapo ndipo ninapokulaumu. Kwa nini hukuchapa upya? Bi Pili alipokuja kukwambia umekosea, ulikwenda naye hadi kijitoni, ukarudi na matope magotini, ukakiri. Nikakuomba tuubadili ukurasa ule. Ukasema, "Kalamu inatosha, msomaji ataelewa." Tukakaa siku mbili tunasahihisha lundo zima.

Si lundo zima. Acha niseme.

Nakala za Bungu zote zina doa ukurasa wa tisa, chini kushoto, jeusi, la mviringo. Niliona pale barazani, nikalijua papo hapo. Katika zile siku mbili za kusahihisha, ulipokwenda kuswali adhuhuri, mimi nilikula kitumbua juu ya kazi, jambo ulilonikataza mara ngapi sijui, na mafuta yakadondoka. Niliogopa kusemwa. Nikaifunga nakala ile kabla kalamu haijaigusa, nikaificha chini ya daftari. Kisha wewe ukalazwa, na asubuhi moja, nilipopita dukani mara moja, akaja mtu wa Bungu ana haraka, gari linampigia honi, anataka kijitabu cha mashamba. Nikampa ileile, niiondoe machoni kabla hujarudi. Hukurudi. Nilikaa ubavuni pako wodini siku zote zile, nikakulisha uji, nikakusuka nywele, na sikukwambia.

Kwa hiyo mwizi ameiba, ndiyo, lakini mlango nilimfungulia mimi. Nikikishika kijitabu chake naliona doa langu, nakala kwa nakala, na mara nyingine natamani kuzichana zote mbele yake. Hasira zangu kwake zimechanganyika na hasira zangu kwangu, sijui naanzia wapi.

Juzi nikakifungua kitabu chako cha London kutafuta faraja. Nikasoma kurasa ulizokuwa unaziruka ukinisimulia. Wale watu, wakigundua kosa, walilichapa. Walitia ndani ya kijitabu orodha ya makosa yao, kisha wakamwomba msomaji ashike kalamu asahihishe. Hii kwa nini hukunisimulia? Kalamu uliichukua kwao, ukurasa wa makosa ukauacha. Mimi nadhani uliona aibu. Ulitaka kosa lisahihishwe bila kuonekana, na mimi nilitaka doa lisionekane kabisa. Tumefanana mno, Shangazi, na anayeumia ni Bi Pili.

Nimehangaika na jambo moja wiki nzima. Nikisimama mbele ya wazee nikasema ukurasa wa tisa ulikosewa tangu mwanzo, wataniuliza kuhusu wa kumi, na wa kumi na moja. Kazi yako yote itatiwa shaka, na kazi hiyo ndiyo iliyobaki yako. Nimelia kwa hili. Lakini jina lako halipandwi mpunga, na kile kipande kinapandwa.

Basi nimechapa ukurasa wa makosa. Nimeandika kosa lilikuwa nini, sahihi ni nini, na nani aliyeitoa dukani nakala isiyosahihishwa. Unakumbuka nilivyokusumbua uniweke na mimi pale nyuma penye "Kimeshonwa na"? Ulinijibu, "Jina lako utaliweka siku utakapokuwa na neno la kulijibia." Nilinuna wiki nzima. Sasa nimeliweka, Somoe binti Hamisi, Kibiti. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuchapwa, na nimechapwa chini ya kosa langu.

Jumamosi nitampitia Bi Pili, tukae mbele pamoja. Nitawaonyesha wazee doa, nitawaeleza kitumbua hata wakinicheka, kisha nitawaomba tuinuke wote twende kwa miguu hadi kijitoni, kama ulivyokwenda wewe. Wakikataa nitarudi tena. Baada ya hapo nitachukua sindano na uzi, nianzie Bungu hadi Ruaruke, na kila atakayenionyesha kijitabu cha yule jamaa nitamwomba nimshonee ukurasa wangu ndani. Nitazing'oa pini zake pia. Hiyo nakuahidi.

Nisamehe, nami nimekusamehe kile kidogo nilichokuwa nacho. Mola akupanulie nafasi huko uliko na akupe watu wa kusimulia nao. Kiti nimekirudisha mahali pake.

Siku hizi vitumbua navila nje.

Mwanao,
Somoe