Jiwe la Tat Anastacio

Momostenango,
14 Desemba 2012

Kwako kaka yangu mpendwa Fermín,

Pokea salamu zangu nyingi, pamoja na za mama mdogo Tomasa. Amekaa hapa kando yangu anachambua sufu, na ananihimiza nikuandikie kwamba goti lake limepona, ingawa halijapona. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na wifi na Jazmín, na kwamba kile kifua cha mwaka jana hakijakurudia huko ugenini kwenye mashamba ya nyanya.

Sisi tunaendelea, ila nyumba bado inamtafuta Baba. Kitanda chake cha kufumia kiko vilevile alivyokiacha Septemba, na blanketi la kijivu limefika nusu. Juzi nilitia mkono kwenye mfuko wa koti lake nikakuta kipande cha sukari guru kimejaa nyuzi za sufu. Nikakirudisha palepale.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yenyewe mnaitumia watu sita, na jambo hili ni letu sisi wawili. Lile jiwe ulilomruhusu don Garrett aliweke kilimani kwa jina la Baba halikuwekwa. Mimi ndiye niliyelizuia. Wewe ndiye mkubwa wetu, ulishatoa neno, nami nimelipangua mbele za watu. Nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Don Garrett unamjua kwa sauti tu, kwa hiyo nikuambie kwanza kwamba si mtu mbaya. Tangu alipohamia kule ziwani na kuanza kuwafundisha wageni wenzake mambo ya hesabu yetu ya siku, amekuwa akija kwa Baba kila mwaka, miaka kumi na minne sasa. Siku ya mazishi alisimama kwenye mvua, kofia mkononi, mpaka udongo wa mwisho. Alipokupigia simu Oktoba kukuomba ruhusa, alikuwa anatafuta namna ya kumheshimu Baba. Nawe ulipotuambia, sauti ilikutetemeka kwa furaha, nikashindwa kusema lolote. Nilijidanganya kwamba litakuwa jiwe dogo, na kwamba labda ataliweka kwake.

Lilikuja jiwe la urefu wa mlango. Lilikuwa limechongwa kwa herufi kubwa: TULITOKA NYOTANI, NA NYOTANI TUTARUDI. Chini yake jina la Baba. Walitaka lisimame juu ya rundo la vigae vya vyungu, pale hasa Baba alipochoma ubani wake miaka arobaini.

Alichagua Jumatano hii, siku ya Nane B'atz', hesabu yetu inapoanza upya. Ungekuwepo, kaka. Tangu alfajiri njia ya kilimani ilikuwa imejaa watu, kutoka kila kijiji, na wengine kutoka Totonicapán. Waliopokea kazi ya kuhesabu siku mwaka huu walikuwa wengi, na nusu yao vijana. Vigae vya vyungu vya mababu vimepanda mpaka kifuani, na kila rundo lina moto wake. Kwenye moto wa tatu nilisikia mzee mmoja nisiyemjua akiwaita marehemu, akamtaja kwa heshima ya wazee, Tat Anastacio, mfuma mablanketi, mhesabu siku. Kabla ya saa nne nilishalisikia jina la Baba kwenye mioto minne. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuitwa kati ya wafu, nami nililia, lakini nilisimama wima kuliko siku zote.

Wageni wa don Garrett walikuwa thelathini hivi, wamevaa nyeupe, macho mekundu kwa moshi. Wengi wamekuja kungoja Ijumaa ijayo, maana wamesoma kwamba hesabu yetu inasema dunia itaisha siku hiyo. Mama mdogo aliniambia niwaulize kama wana uhakika, kwa sababu ana mablanketi manane ya kuuza soko la Jumapili ya baada yake na hataki kuyabeba bure. Kijana mmoja mwenye ndevu alimjibu kwa upole kwamba si kuisha, ni kugeuka. Mama mdogo akasema basi afadhali, blanketi hata likigeuzwa linauzika.

Don Garrett akasimama kuhutubia, nami pembeni yake nikimfasiria mama mdogo na majirani waliosogea. Alizungumza vizuri. Lakini alifika mahali akasema kwamba Wamaya, yaani sisi, walitoweka, waliondoka wakaiacha miji yao tupu, na kwamba walirudi kule juu walikotoka. Nilifasiri kama alivyosema. Mama mdogo akaangalia ule umati, mamia kwa mamia, wanawake na watoto mgongoni, akaniambia nimuulize don Garrett uji aliokunywa kwetu asubuhi ile aliupika nani, mzimu? Jirani mmoja akasema ndiyo maana ulikuwa hauna chumvi. Watu wakacheka, na don Garrett naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Kisha waliolibeba jiwe wakalisogeza mpaka kwenye vigae vya Baba, wanaume wanne, jasho linawatoka. Don Garrett akayasoma maneno kwa Kihispania, akanigeukia, akanitaka niwaambie watu wangu kwa lugha yetu alichosema mzee wao. Nilijua kwamba nikiyasema hapo, mbele ya moto, siku ile, yatakuwa ya Baba milele, na wajukuu watayasoma wakidhani ndivyo alivyokuwa.

Nikasema kwa lugha yetu, halafu kwa Kihispania, kwamba maneno yale si ya Baba na yasiwekwe.

Don Garrett hakukasirika. Alitoa mfukoni daftari kuukuu, akafungua ukurasa wa mwaka 1998, akanionyesha. Alisema aliyaandika mwenyewe, uani kwetu, Baba ameketi mbele yake, na kwamba aliyemtamkia ni mimi.

Alisema kweli, kaka. Ndilo ninalokuungamia leo. Nilikuwa na miaka kumi na minne, Baba hajui Kihispania ila kile cha kutaja bei, na mimi ndiye niliyekuwa nikiketi katikati. Don Garrett aliuliza tumetoka wapi sisi watu wa hapa. Baba akajibu kwa maneno machache, bila kuacha kusokota uzi. Nilipotaka kuyafasiri nilimtazama yule mgeni. Alikuwa ametoka mbali sana, na tangu asubuhi alikuwa ameshaniuliza habari za nyota mara tatu. Jibu la Baba niliona ni dogo. Niliona aibu, kaka. Niliona tutaonekana watu wa mahindi na kondoo tu. Nikamwambia tumetoka nyotani, na nikaongeza kwamba tutarudi. Uso wake uliwaka kama mshumaa. Baba akaniuliza mbona Kihispania kimekuwa kirefu kuliko maneno yake. Nikamwambia ndivyo kilivyo, kina maneno mengi. Akacheka, akaendelea na uzi wake. Alikufa bila kujua.

Ni kweli Baba alizijua nyota. Alizitazama kujua siku ya kupanda. Lakini mtu akitazama saa hasemi amezaliwa ndani ya saa.

Haya yote niliyasema pale kilimani, kwa lugha zote mbili, na aibu yangu sikuikata hata kipande. Don Garrett alifunga daftari. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, Baba alisema nini hasa siku ile. Nikamwambia, neno kwa neno, kwa maana sijawahi kuyasahau: "Mwambie hatukutoka mbali. Bibi wa kwanza alisaga mahindi, ya manjano na meupe, akakanda unga, tukawa. Akitaka kupaona tulikotoka, akae ale."

Mzee wa watu akaketi chini kwenye vumbi. Akaniuliza kama mwaliko ule bado upo, au umechelewa. Mama mdogo ndiye aliyejibu. Alifungua kikapu chake, akamtolea mkate wa mahindi uliofungwa majani, bado una mvuke, akamwambia ale polepole, maana amekawia miaka kumi na minne na haitasaidia akipaliwa. Wale wageni wakagawiwa na majirani. Wengine wawili watatu walikasirika wakashuka, siwalaumu. Waliobaki walikula.

Jiwe lilishushwa na mabega yaleyale manne, na manung'uniko mengi. Sasa limelala kifudifudi kijitoni, na mama mdogo anafulia sufu juu yake. Anasema ni jiwe zuri sana.

Kaka, nilimnyima Baba jibu lake miaka yote hiyo, na nilikuacha wewe ulibebe la uongo kwa fahari. Ulinisimulia Jazmín alivyosimama darasani akasema babu yake ametoka nyotani, na watoto wakampigia makofi. Unisamehe. Lakini nakuomba umketishe, umwambie alivyosema babu yake kweli. Mwambie kwa lugha yetu kwanza. Halafu mpike mkate wa mahindi, hata kama ni kwa unga wa dukani, mle pamoja.

Mama mdogo anasema msimtumie koti jingine, lile mlilomtumia linamtosha. Nami nawasalimu nyote kwa mapenzi. Siku utakapowasha mshumaa wa Baba, unitaje na mimi.

Ni mimi dada yako,
Eulalia