Sindano Nisiyoisikia

Akheri, Meru

Kaka Sumari,

Shikamoo kaka. Za Mwanza, na za wifi na watoto? Sisi huku tunapumua. Mvua imekuja na tope lake, migomba inazaa. Habari hii isingesemeka kwenye simu, maana simu wewe huishika ukiwa na haraka, na mimi huishika mama akiwa kitandani pembeni yangu. Kiharusi kilimchukua mkono na mguu wa kushoto, masikio kimemwachia. Ndiyo sababu nimekaa jikoni na kalamu. Jirani yetu Solomoni anakuja huko kesho, atakukabidhi mkononi.

Uliuliza hiyo tiba ya Kichina nimeitoa wapi. Mfa maji haachi kutapatapa, kaka. Hospitali walishasema mazoezi na subira, na subira ilituishia. Maria wa kwaya akaniambia yupo daktari wa Kichina, mwanamke, pale Sekei, anayechoma sindano zisizo na dawa ndani yake. Nilimcheka, halafu nikakodi gari.

Yule daktari hana haraka kama hawa wetu. Alimtazama mama ulimi, rangi yake na utando wake, kisha akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, mkono huu halafu ule, muda mrefu hadi nikadhani anasali. Naserian, dada anayemtafsiria, alitueleza kwamba kwao wanaamini mwilini inapita nguvu, nayo ina njia zake kama maji ya mifereji yetu yanavyoshuka kutoka mlimani. Pakiziba huku juu, shamba la chini linakauka. Sindano, nyembamba kama unywele, ndiyo ya kuzibua. Alisema ikifika panapotakiwa mtu husikia uzito, au kitu kama umeme mdogo, na hiyo ndiyo dalili wanayoitafuta. Wala hawakutudanganya. Walisema kiharusi cha siku nyingi hakirudi chote, na vidonge vya presha mama asithubutu kuviacha.

Mama akagoma. Unamjua. Kwa ulimi wake huo mzito alisema kwamba kwetu anayeleta pombe huonja kwanza, watu waone haina kitu, basi mimi niliyemleta nianze kuonja hizo sindano. Naserian alicheka mpaka akashika ukuta. Daktari alipotafsiriwa naye akacheka, akanionyesha kitanda cha pili. Nikavua viatu.

Nililala natazama dari, nangoja aanze. Naserian akaniuliza nasikia nini, nikamjibu kwamba bado sijachomwa. Nilipoinua kichwa niliona sindano zimesimama kwenye miguu yangu yote miwili. Mama alifurahi, akasema kumbe haziumi, akakubali. Yake ilipoingia kwenye ule mguu uliokufa, alipiga ukelele kwamba siafu wanatembea ndani. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Daktari hakufurahi. Alirudi kwangu, akachomoa, akachoma pengine, akanigonga magoti, akauliza kama huwa nadondosha kandambili njiani bila kujua. Huwa nadondosha, kaka. Hata juzijuzi nilikanyaga kaa la moto, nikajua kwa harufu. Nilidhani ni uchovu wa kumbeba mama. Alikataa kunitibu. Alisema hili si la sindano zake, niende hospitali wiki hiyohiyo nikapigwe picha ya mgongo.

Nilikwenda, mama nikamwambia naenda sokoni Tengeru. Kaka, nina uvimbe ndani ya uti wa mgongo. Umekaa pabaya. Madaktari wanasema upasuaji unaweza kujaribiwa Dar, ila hawaahidi miguu, wala hawaniahidi kwamba nitaamka.

Nimekata tamaa, nakwambia wazi. Nikianza kusali maneno yananikauka. Na mama sasa anakunja vidole vya mguu! Kila asubuhi ananiita nikaone, anasema Krismasi atakwenda kanisani kwa miguu yake, ameniegemea mimi. Namjibu ndiyo mama. Kisha naenda nyuma ya zizi nalia. Jana nimeanguka na ndoo ya maziwa, nikamwambia ng'ombe amenipiga teke, naye akamlaani ng'ombe wa watu asiye na kosa.

Sikuandikii uniletee ushauri, wala usihangaike kunitafutia daktari mwingine. Njoo, na uje na wifi. Kumwogesha mama si kazi ya mtoto wa kiume, na dada mwingine hatuna. Njooni upesi, nikiwa bado nasimama, nimwonyeshe wifi namna ya kumgeuza mama bila kumuumiza.

Wabusu watoto, waambie shangazi anawapenda. Salamu za mama sikuletei, kwa kuwa hajui nimekuandikia.

Mdogo wako,
Tabitha