Kitabu cha Kuendelea Naye

Jumapili, 4 Mei
Tumemaliza! Zoezi la mwisho, ile programu ya kubahatisha namba, na binti yangu akapiga makofi kule kwenye simu. Nami huku, peke yangu sebuleni, nikapiga kama mwendawazimu. Tangu yeye na mama yake wahamie mji mwingine, kitabu hiki cha lugha ya kompyuta ndicho Jumapili yetu — kila mtu na nakala yake. Kabla ya hapo simu zetu zilikuwa shule nzuri, umekula, nimekula, basi.
Nikamuuliza, sasa tusome kipi?
"Chagua wewe, Baba."

Jumanne, 6 Mei
Nimekata lenzi ya miwani ya mteja vibaya, ikabidi nianze upya. Mwenzangu wa kaunta akauliza kulikoni. Nikasema natafuta kitabu cha pili cha lugha ya kompyuta. Akacheka: na mvi zote hizo, uongee na kompyuta ikujibu nini? Nikacheka naye. Sikumwambia nataka kuongea na nani.

Alhamisi, 8 Mei
Duka la vitabu. Cha kwanza kinene kama tofali, kinajua kila kitu, mzaha hata mmoja hakina. Angesinzia mapema. Cha pili ni cha takwimu — kingenifaa mimi, kupangia oda za miwani. Cha tatu cha kutengeneza michezo, roketi kwenye jalada. Mama muuzaji akauliza msomaji ana miaka mingapi. Kumi na mitatu, nikasema. Nimefika mlangoni ndipo nikakumbuka — kumi na minne! Tangu Februari. Aibu yangu.
Nimechukua cha roketi. Viwili. Kimoja nimekituma kwa basi.

Jumapili, 11 Mei
Kimefika. "Asante, Baba, kizuri." Kizuri kile cha kumridhisha mgeni. Kidogo kidogo likatoka: shuleni wana klabu ya kompyuta, sasa watakutana Jumapili mchana, na mchezo wa roketi walishaumaliza muhula uliopita. Muhula uliopita! Na mimi wiki zote hizo namweleza kitanzi ni nini, kwamba kompyuta inarudia kazi ileile mpaka uiambie basi. "Eh, Baba, naelewa." Kumbe alikuwa ananisubiri tu, mtoto yule.
Nikampa hongera. Ya moyoni.

Jumatano, 14 Mei
Mvua. Chai imepoa. Kitabu sijakifungua.

Jumapili, 18 Mei
Hakupiga. Klabu, bila shaka.
Nimeanza sura ya kwanza mwenyewe. Nimeandika mstari kwa mstari, nikabonyeza — imegoma! Maandishi mekundu tele. Nikapekua juu chini, nikaliona kosa: nimesahau nukta mbili mwisho wa mstari. Kuziweka ni kazi ya kidole kimoja. Nikanyoosha kidole. Nikakirudisha.
Nimeliacha kosa hivyohivyo.
Jioni. Klabu imekwisha sasa. Nimepiga, naandika huku simu iko sikioni. Kapokea mama yake, kwa ile sauti yake ya heshima: yupo mezani anakula, kuna tatizo? Nikasema, mwambie programu ya baba yake imegoma na ameshindwa kabisa.
Namsikia akimwambia. Kiti kinavutwa. Mama yake anarudi kwenye simu: nisikate, anakuja —