Dirisha la Kuelekea kwa Bi Mwanakombo

Maalim wangu,

Salaam aleikum. U hali gani huko uliko? Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu, ila magoti yananisumbua, na ngazi za Mji wa Kale naona zimekuwa ndefu kuliko tulipozijenga. Jumapili nilikutaja tena kwenye maombi. Najua ungecheka, Mkristo wa Rabai kumwombea Mswahili wa Ndia Kuu. Lakini nimekuwa fundi wako miaka yote ile. Nisipokuombea wewe, nimwombee nani?

Siku uliyotolewa kwenda kuzikwa nilisimama chini ya ngazi ya nyumba yako. Kila ngazi uliyochora uliipima kwa jeneza. "Daudi, nyumba isiyoweza kumtoa maiti wake kwa heshima si nyumba." Wenye nyumba wakikununia, unataja mauti na msingi haujachimbwa! Basi wewe ulishuka bila kugusa ukuta. Nilitaka ujue.

Tangu uende, watu wanataka vioo na vigae vya kung'aa, vile ulivyoviita meno ya bandia. Nikitaja chokaa naambiwa nimezeeka. Nimechoka, Maalim. Nimechoka hata kubishana. Ulikuwa ukisema ng'ambo walikufundisha kuchora, lakini kukaa ndani ya nyumba ulifundishwa na bibi yako, aliyejua upepo unaingilia wapi saa gani, akawa anahamisha mkeka wake kuufuata. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hilo nililielewa siku ile ile.

Sasa nina jambo. Binti yako Rukia amehamia nyumbani kwako na wanawe. Chumba cha juu kina giza na joto, anataka nitoboe dirisha kubwa ukuta wa nyuma. Unajua ukuta huo unatazama wapi: uani kwa Bi Mwanakombo, anapofulia, anapokaa kichwa wazi. Wewe mwenyewe uliuacha bila tundu kwa ajili yake. Nikamwambia Rukia siwezi. Akalia. "Ami Daudi, baba amekufa. Wanangu wako hai." Neno hilo lilinichoma.

Nikafanya ulivyonizoesha: kabla ya nyundo, nenda ukanywe kahawa kwa jirani, utazame kwa macho yake. Kusema kweli nilikwenda nikitaka anikatalie, nipumzike. Bi Mwanakombo alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Toboa," akasema. "Tena chini, watoto wafike."

Nikamuuliza, na stara je?

"Mtandio n'nao, nitajitanda! Nilipokuwa kijana nalitaka kusitiriwa. Sasa wanangu wako Arabuni, mimi niko hapa na kuku. Nikianguka, nani ataniona? Wewe mwana wa Rabai, utaniona kutoka huko kwenu?"

Nilicheka. Halafu nikashindwa kuendelea kucheka, nikajifanya kahawa ni ya moto.

Maalim, sijui kama nakuasi au nakutii. Ulichora kwa kumheshimu jirani, na jirani amesema. Lakini ukuta ni wako, na katika yote uliyonifundisha hukuniachia neno juu ya mtu anayeomba kuonekana. Kila asubuhi napanda kule juu, naweka kiganja ukutani, nashuka.

Nimeamua kutoboa. Nakuahidi nitatoboa kwa mkono wangu mwenyewe, kwa tindo, taratibu, wala saruji haitagusa jiwe lako hata moja. Mbao za dirisha nitazigawa, nusu ya chini ifungike peke yake, ili siku Bi Mwanakombo akitaka faragha awaite tu watoto waifunge. Hapo ndipo akili yangu ilipofika. Wewe ungeona zaidi.

Kwaheri, Maalim. Mungu akulaze pema. Kama una neno, tafadhali nijibu upesi, hata kwa ndoto. Jumatatu asubuhi naanza.

Fundi wako,
Daudi